Usiku wa dhoruba, acheni kuchungulia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: dhoruba kali ikiwakuta nyumbani, mnaivukaje? Najua wengi watataja maji ya akiba, tochi na betri, na hawatakosea. Langu ni moja: wekeni mambo ili mtu yeyote asiwe na sababu ya kuinuka kwenda kuchungulia.

Upepo ukishika kasi, mlango huvimba na kunywea kwenye fremu, komeo linacheza, maji yanajipenyeza chini ya dirisha. Hapo ndipo mtu mzima na akili zake anapotaka kufungua "kidogo tu" aone kama paa bado lipo. Asifungue. Upepo unaopita juu ya paa tayari unalivuta kwenda juu. Ukiupa mlango, unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini, na kenchi zinaelemewa pande zote mbili. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, kwa hiyo nyumba iliyohimili saa ya kwanza msiiamini sana saa ya pili. Wapo wanaosema fungua dirisha la upande wa pili hewa ipate pa kutokea. Ushauri huo utupwe. Utepe wa gundi unaobandikwa msalaba kwenye vioo nao hauzuii kioo kuvunjika. Mbao zilizopigiliwa kwa nje mapema ndizo zinazosaidia.

Kaeni chumba cha ndani kisicho na dirisha, hata kama ni korido, na godoro karibu la kujifunika. Viatu viwe miguuni, maana vioo vikimwagika gizani hakuna wa kutafuta viatu. Na ndoo ya haja iwe humo humo. Watu huona haya kuitaja, lakini kibofu ndicho kinachowatoa watu chumbani saa mbaya kuliko zote.

Mtego mkubwa ni ukimya. Kimbunga kikipita juu yenu na jicho lake, yaani kitovu chake kilichotulia, upepo hukatika ghafla, pengine hata nyota zinaonekana. Jicho hilo kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 60, na utulivu wake unaweza kuwa wa dakika chache tu au ukakaribia saa nzima. Kisha upepo unarudi kwa kishindo kutoka upande wa pili, na kumkuta mtu juu ya ngazi akigongomea bati. Msiamini masikio, subirini redio iseme kimepita. Kwa radi ni hivyo hivyo: hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo mtoke, na kabla ya hapo mtu asioge wala kuosha vyombo, kwa sababu umeme wa radi husafiri kwenye mabomba.

Nakubali, kukaa tuli kuna mwisho wake, na mwisho huo ni maji. Kimbunga Idai, Machi 2019, kiliubomoa mji wa Beira, Msumbiji, kwa upepo, lakini mafuriko ya mito Buzi na Pungwe ndiyo yaliyomeza vijiji siku zilizofuata. Nyumba ikiwa bondeni au karibu na ufuo, ondokeni mnapoambiwa, kungali kukavu. Mkichelewa, pandeni juu, ila si kwenye dari lisilo na pa kutokea. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Asubuhi, nyaya zilizolala chini zihesabiwe kuwa na umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu haina harufu. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, na kama bado mvua inanyesha, isubiri.