Jibu: huyo mtoto wa pembeni kwenye Our Gang ni nani?

Mkuu, umeuliza utamjuaje mtoto anayeonekana nyuma kwenye komedi za Our Gang (filamu fupi za Kimarekani za kundi la watoto) wakati jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji. Anza na mwaka, hiyo ndo muhimu kuliko zote, maana prodyuza Hal Roach alianza kuzitoa 1922 na studio ya MGM wakazichukua 1938 mpaka 1944, na mtoto mdogo ndani ya mwaka mmoja tu sura imeshabadilika kabisa. Mi huwa naganda kwenye masikio, simamisha video akiwa amegeuka upande uangalie ndewe na ukingo wa sikio, meno na nywele usiviamini. Halafu cheki ndugu za watoto waliokuwa wanaigiza, walikuwa wanaletwa sana: Farina na dada yake Jannie, Stymie na mdogo wake Bobbie. Nguo nazo zisikudanganye, Farina ni wa kiume ila mara nyingi walimvalisha kama binti.

Na mtu akidai ni yeye usikubali tu hivihivi, 1990 tivii ya Marekani ilimrusha mtu anayejiita Buckwheat, jina la mtoto mwingine wa Our Gang, wakati Buckwheat halisi, William Thomas Jr., alishafariki 1980. Tupia hapa hiyo picha pamoja na jina la filamu tuiangalie.