Futi kamba kwanza, jukwaa baadaye: ushauri kwa wanamitindo wa Tanga na Bagamoyo

Kabla hujamtumia mtu picha hata moja, nenda kwa fundi cherehani. Yupo kila mtaa, Ngamiani mpaka Magomeni ya Bagamoyo, na kazi hii haimalizi dakika tano. Mwambie akupime kifua, kiuno na nyonga ukiwa umevaa fulana ya kubana, si juu ya dera. Nyonga hupimwa pale makalio yalipojaa zaidi, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea, maana wamezoea kuongeza nafasi ili nguo isibane. Mwambie asiongeze. Fundi atakupa inchi, mawakala wanaowatafutia wanamitindo kazi wanataka sentimita, kwa hiyo zidisha kwa 2.54: inchi 34 ni sentimita 86, inchi 24 ni 61, inchi 36 ni 91 na ushee. Urefu pima asubuhi, pekupeku, visigino vimegusa ukuta. Ukipima jioni utakuta umepungua sentimita moja hivi, kwa sababu uti wa mgongo hujibana mchana kutwa.

Namba hizo ndizo zinazokuonyesha mlango wa kugonga. Kwenye majukwaa ya kimataifa wasichana huwa kati ya sentimita 174 na 180, nyonga karibu na 90. Wavulana ni 185 hadi 190. Mbunifu hushona sampuli moja tu ya kila nguo, kwa hiyo mvaaji ndiye anayeifuata nguo. Ukiwa na sentimita 163 usikate tamaa wala usijiongezee. Kazi yako iko kwenye matangazo, picha za maduka ya vitenge na madera, vipodozi, mikono, nywele. Ukiandika 175 wakati una 171, utapimwa pale pale mlangoni na jina lako litabaki kwenye kumbukumbu yao kama la mwongo.

Picha za kwanza hazihitaji studio. Tena tunasema wazi: usizipeleke kwa mpiga picha wa harusi. Ni mafundi wazuri kwenye kazi yao, ila wamezoea kulainisha ngozi mpaka vinyweleo vinapotea, na wakala anataka kuiona ngozi hiyo hiyo, chunusi na makovu yake. Unachohitaji ni simu, ukuta mweupe au wa kijivu, na mtu mwenye mkono uliotulia. Vaa fulana nyeusi ya kubana na suruali ya kubana, nywele zivutwe nyuma, uso usiwe na vipodozi. Ukipaka mafuta ya nazi, yafute kabisa usoni. Kwa jua la pwani paji la uso litang'aa kama sufuria mpya.

Piga saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, ukiwa kwenye kivuli kinachotazama uwazi. Saa sita jua liko utosini, nalo huchora vivuli chini ya macho na pua mpaka msichana wa miaka kumi na minane anaonekana kama mgonjwa wa malaria. Tumia kamera ya nyuma. Mpigaji asimame mita tatu kutoka kwako na simu aishike usawa wa kifua. Akisogea karibu, pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Akipiga kutoka juu, miguu inafupika. Zinatakiwa picha sita hivi: uso mbele bila kucheka, uso mbele ukicheka, uso kwa ubavu, mwili mzima mbele, ubavuni na nyuma. Zima programu zote za kurembesha. Kisha zitume kwa barua pepe, na kama ni WhatsApp zitume kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na ubora unapotea.

Kuhusu ngozi, neno moja tu: achana na mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu nzuri. Watu wanaona uso ukiwa Fanta na vidole vikiwa Koka, lakini kamera inaona zaidi ya hapo: mabaka shingoni ambayo hakuna poda inayoyaficha chini ya taa. Isitoshe, soko la nje linawatafuta wasichana weusi kwa weusi wao.

Sasa mwendo, ambao ndio unaochukua muda. Anza na mchuchumio wa sentimita tano kwa wiki mbili, kisha panda hadi kumi. Ukianza na kumi, msuli wa shavu la mguu ukiwa bado mfupi, magoti yatakunjika na utatembea kama mtu anayepanda ngazi. Dakika ishirini kila siku zinatosha. Usifanyie mazoezi kwenye mchanga, hata kama ufukwe wa Raskazone unavutia. Mchanga unaimarisha miguu, ila unakufundisha kuinua goti na kukanyaga kwa nguvu, na tabia hizo kuzitoa ni kazi. Tafuta baraza au korido ya saruji yenye mita kumi. Chora mstari kwa chaki, miguu ikanyage karibu na mstari huo, mabega yalegee, mikono iyumbe yenyewe. Macho yaende kwenye nukta moja juu kidogo ya kichwa cha mtu. Ukifika mwisho simama sekunde mbili tatu, hamisha uzito kwenye mguu mmoja, kisha geuka. Weka simu usawa wa kiuno mwishoni mwa korido ujirekodi, maana kioo kinakufanya ujiangalie badala ya kutembea.

Mtu wa Bagamoyo ana bahati ambayo wengi hawaitumii. TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, iko pale pale, na aliyepitia ngoma na maigizo anajua kuusimamisha mwili mbele ya watu, jambo linalowashinda warembo wengi wanaojua kupiga picha tu.

Usaili mwingi uko Dar es Salaam, hasa kuelekea Swahili Fashion Week, jukwaa alilolianzisha mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008. Wa Bagamoyo anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Tanga ana kilomita 350 hivi, na kosa kubwa ni kushuka basi stendi ya Mbezi na kwenda moja kwa moja kwenye usaili. Ukikaa saa sita au zaidi miguu inavimba, na kiatu kilichokutosha jana leo hakiingii. Lala kwa ndugu usiku mmoja, uinue miguu juu ya mto. Kwenye mkoba weka mchuchumio mweusi usio na mapambo, nguo ya ndani ya rangi ya ngozi yako isiyo na mishono (nyeusi ndani ya nguo nyeupe ni aibu ya kujitakia), msasa kidogo na pamba. Msasa ni wa kukwaruza soli mpya isiteleze, pamba ni ya kujaza ncha ya kiatu kikubwa, kwa sababu viatu vya maonyesho mara nyingi ni namba 40 au 41, na utavaa kilichopo.

Kati yako na kazi ndipo watapeli wanapojaa. Wakala halisi anakula kwenye kazi yako, kwa kawaida karibu asilimia 20, na hapati kitu mpaka wewe upate. Anayekudai ada ya usajili, ada ya mafunzo ya lazima na ada ya albamu kabla hajakupa kazi yoyote, biashara yake ni wewe. Anayetaka picha za chupi saa nne usiku kwenye simu, mzuie namba na umwambie mtu mzima nyumbani.

Wazazi wa Tanga mara nyingi hukataa kwa sababu ya mavazi, na hoja yao ina majibu. Halima Aden, msichana wa Kisomali aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, aliingia mkataba na wakala mkubwa Marekani mwaka 2017 na hijabu yake ikaandikwa humo kuwa haivuliwi. Baadaye, mwaka 2020, alipoona mipaka yake inasogezwa kidogo kidogo, aliacha jukwaa. Mpelekee mama habari yote, na hiyo sehemu ya pili. Kisha mwambie mipaka yako itaandikwa kwenye karatasi: nguo zipi huvai, unabadilishia wapi, nani anaingia chumbani humo. Ukiwa chini ya miaka 18, mzazi ndiye anayesaini na ndiye anayekusindikiza.

Mkataba wenyewe usome hivi. Tafuta muda wake na unavyovunjwa. Tafuta matumizi ya picha: zitatumika wapi, kwa muda gani, kwenye mabango au mtandaoni tu. Neno linalomaanisha "milele" likiwepo, bei iwe ya milele. Halafu tafuta deni. Huko nje wakala hutanguliza tiketi, chumba na picha za majaribio, kisha anakata kila kitu kwenye malipo yako, na ndiyo maana unaweza kuonekana kwenye jarida huku akaunti ikisoma sifuri. Omba hesabu ya deni kila mwezi kwa maandishi. Malipo ya kazi nayo huchukua siku 30 hadi 90, kwa hiyo usiache kibanda chako kwa sababu umepiga picha moja.

Watu husimulia kupanda kwa Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, kana kwamba aliokotwa njiani. Alikuwa amesomea umeme, akashinda Miss Universe Tanzania mwaka 2007, akaingia kumi bora kule Mexico akiwa na kipara, na alipitia Afrika Kusini kabla ya New York. Kwa hiyo wakala wa nyumbani akikwambia uanze Johannesburg au Cape Town, hajakushusha hadhi.

Usijinyime chakula kwa ajili ya safari hiyo. Ufaransa tangu 2017 inadai cheti cha daktari kwa mwanamitindo kabla ya kufanya kazi, na hedhi ikikatika, umeshakosea.

Shughulikia pasipoti mapema, shilingi 150,000. Wa Tanga ana ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mjini, wa Bagamoyo makao ya mkoa wake ni Kibaha. Kinachokwamisha si pesa peke yake. Ni jina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Mwanahamis, cha shule kina jina la babu tu. Viweke vyeti vyote mezani leo usiku na uvilinganishe herufi kwa herufi.