Maswali na majibu: mageti ya lojiki

Nataka F = AB + A'C (AB ni A AND B, + ni OR, A' ni kinyume cha A). Dukani nimeambiwa ninunue chipu tatu: ya NOT, ya AND na ya OR. Ni sawa?

Muuzaji anafanya biashara. 74HC00 moja ina NAND nne (NAND ni AND iliyogeuzwa tokeo), na nne zinamaliza kazi yote. Peleka A miguu ya 1 na 2; mguu wa 3 unakupa A'. A tena mguu wa 4, B wa 5, tokeo ni 6. Unga 3 na 9, weka C kwenye 10, tokeo ni 8. Kisha 6 iende 12, 8 iende 13, na F inatoka mguu wa 11. NAND ya mwisho inageuza vile vinyume viwili kuwa OR. Ndiyo kanuni ya De Morgan hiyo, (X'Y')' = X + Y, mnayoikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau mkishika waya. Volti 5 mguu wa 14, graundi wa 7, kapasita ya nanofaradi 100 jirani kabisa na chipu. Hesabu chipu, si herufi za mlinganyo.

Mguu wa ingizo nisioutumia niuache wazi?

Hapana. Uunge graundi au volti 5. Unaoachwa ni wa tokeo.

A + AB inarahisishwaje?

A.

Ramani yangu ya Karnaugh (jedwali la visanduku la kurahisisha mlinganyo) imetoa jibu tofauti na la mwenzangu, na jedwali letu la ukweli ni moja.

Swali hili tena! Bila hata kuliona daftari: umepanga safu 00, 01, 10, 11. Ni 00, 01, 11, 10, ili kila hatua ibadilishe biti moja tu. Ukingo wa kushoto ni jirani wa kulia. Na kundi la visanduku 3 halipo, hata likipendeza vipi.

Ile F = AB + A'C inaendesha kaunta. B na C zikiwa 1, nikishusha A kaunta inajihesabia. Chipu mbovu?

Chipu ni nzima. A ikishuka, AB inazimika, lakini A'C inasubiri A' ipite geti moja zaidi, nanosekunde 10 hivi. Katika upenyo huo F hudondoka 0 na kurudi 1. Taa ya LED haikuonyeshi, kaunta inaona. Ongeza BC. Aljebra itasema haina kazi, na kwenye jedwali kweli haina. Kwenye waya ndiyo inayoishikilia 1. NAND ya mwisho sasa inataka maingizo matatu: chukua 74HC10, yenye NAND tatu za maingizo matatu, na maingizo ya mageti yake mawili yaliyobaki uyaunge graundi au volti 5. Tena, tokeo la mageti halipelekwi mguu wa saa (clock) wa kaunta. Kaunta ipewe saa yake, F iende mguu wa kuruhusu (enable).

Nimekosa 74HC00, nimechomeka 74HC02 soketi ileile. Inachemka.

Zima. 74HC02 ni NOR (OR iliyogeuzwa), na kwake mguu wa 1 ni tokeo, nawe unausukumia A. CD4011 ni NAND, lakini nayo usiichomeke hapo: tokeo la geti lake la pili liko mguu wa 4.