Kuhamisha tovuti bila kupoteza jina wala barua za wageni

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya wageni Jambiani. Tovuti yetu ni ya WordPress, jina lake ni la .co.tz, na maombi ya vyumba yanaingia kwa imeili za jina hilohilo. Seva tuliyopo inalala kila mara, tumeshalipia kampuni nyengine. Fundi aliyetutengenezea anasema tukihama jina linapotea, tununue jipya. Ni kweli? Na tuhame vipi bila kukosa barua za wageni?

JIBU: Waalaykum salaam. Si kweli. Jina na nafasi kwenye seva ni vitu viwili, hata kama risiti yenu ni moja. Jina liko kwa msajili (kampuni iliyowasajilia jina), faili ziko kwenye seva, na katikati kuna DNS, yaani orodha inayoonesha jina hili linaelekea seva gani. Kuhama ni kubadilisha mistari michache ya orodha hiyo. Ni kama laini ya simu: inatolewa kwenye simu mbovu inatiwa kwenye nzima, namba ileile.

Ila kauli ya fundi wenu inanitia shaka ya jambo jengine. Tafuteni jina lenu kwenye WHOIS ya .tz (daftari la wenye majina) mtazame nani ameandikwa kuwa mwenye jina. Mara nyingi ni fundi mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, kabla hamjamwambia mtu kwamba mnahama, muombeni kwa maandishi aliandikishe kwa jina la biashara yenu, na imeili ya mawasiliano iwe ya nje, Gmail inatosha. Imeili iliyo chini ya jina lenyewe haifai, kwa sababu siku jina likisimama, hata ujumbe wa kulirejesha hautawafikia. Angalieni na tarehe ya kuisha. Kulipia seva mpya hakuongezi hata siku moja ya uhai wa jina. Msajili muacheni alipo kwa sasa. Kumbadilisha ni kazi ya siku nyengine, wala hamuihitaji ili kuhama.

Sasa nakala. Kuna faili, kwa kawaida ndani ya public_html, na kuna hifadhidata (maandishi na mipangilio ya tovuti), inayotolewa kwa programu ya phpMyAdmin au mysqldump. Msivipakue kwenye laptopu kisha mkavipakia tena: picha za vyumba na ufukwe zinafika gigabaiti 2 au 3 kirahisi, bando linaisha, na umeme ukikatika katikati mnaanza upya. Fungeni kila kitu kwenye faili moja la zip katika seva ya zamani, kisha seva mpya ilivute moja kwa moja kwa wget, amri ya kupakua faili. Likishafika, lifuteni kule mara moja, maana ndani yake mna nywila ya hifadhidata na liko mahali pa wazi.

Kwenye seva mpya, fungueni wp-config.php mrekebishe jina la hifadhidata (DB_NAME), mtumiaji wake (DB_USER), nywila (DB_PASSWORD) na pengine seva yake (DB_HOST). Ukurasa ukitoka mweupe mtupu, anzeni na toleo la PHP, lugha inayoendesha WordPress: wekeni lilelile la zamani, mtalipandisha baadaye. Ukitokea ukurasa wa kusakinisha WordPress upya, msiujaze. Maana yake $table_prefix (mwanzo wa majina ya majedwali, umo kwenye faili hilohilo) haikulingana na majedwali mliyoyaingiza, au hifadhidata iko tupu.

Jaribuni kabla ya kugusa DNS. Kwenye kompyuta moja, fungueni faili la hosts (Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc, Linux na Mac ni /etc/hosts) muongeze mstari kama huu, kwa anwani ya seva yenu mpya:

203.0.113.25 mfano.co.tz www.mfano.co.tz

Kompyuta hiyo peke yake itaiona seva mpya, dunia nzima inaendelea na ya zamani. Bofyeni kila ukurasa, jazeni fomu ya vyumba, kisha muufute mstari, la sivyo mtadanganyika wiki nzima kwamba mambo yamekaa sawa.

Panapoumiza ni imeili. Nakilini rekodi zote za DNS: A (anwani ya seva), AAAA (anwani yake ya IPv6, mfumo mpya wa anwani), CNAME (jina la pili), MX (seva ya barua) na TXT (maelezo). Kisha tazameni MX inaelekea wapi. Seva nyingi za cPanel (paneli ya kusimamia seva) huielekeza kwenye jina lenyewe, yaani mfano.co.tz. Hapo mkibadilisha A kwa ajili ya tovuti, barua nazo zinahama bila kuambiwa, na zikifika kwenye seva isiyo na visanduku zinarudi kwa mgeni. Kwa hiyo fungueni visanduku vyote kwenye seva mpya kabla ya siku yenyewe, kwa majina yaleyale, mvute barua za zamani kwa imapsync, programu ya kunakili visanduku. Irudieni siku moja au mbili baada ya kuhama, kuokota zilizochelewa. Rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) iongezeeni anwani ya seva mpya, na DKIM (sahihi ya barua) iwekeeni ufunguo mpya, ama majibu yenu yataangukia kwenye barua taka.

Ikiwa barua zenu ziko Google au Microsoft, MX msiiguse. Lakini kwenye cPanel mpya hakikisheni usambazaji wa barua umewekwa kuwa wa seva ya nje. Usipowekwa hivyo, maombi yanayotoka kwenye fomu yatabaki ndani ya seva hiyohiyo na nyinyi hamtayaona.

Siku moja kabla, shusheni TTL (sekunde ambazo rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa tena) ya rekodi mtakazozibadilisha, labda ni 14400, ifike 300. Fanyeni kazi yenyewe usiku wa manane, msimu wa masika ikiwezekana, si Julai wala Agosti. Zimeni fomu ya vyumba kwenye tovuti ya zamani, chukueni nakala ya mwisho ya hifadhidata, iingizeni upande mpya, ndipo mbadilishe A. AAAA msiisahau: ikibaki ya zamani, wageni wenye IPv6 wataendelea kwenda kule, na hata cheti cha usalama (https) cha Let's Encrypt kinaweza kukataa kutoka.

Ikiwa WHOIS inaonesha seva za majina (zinazoshika orodha ya DNS) ni za kampuni mnayoiacha, msianze kwa kuzibadilisha hizo. Muda wake hamuupangi nyinyi, unaweza kufika siku mbili. Badilisheni A kwenye orodha ya zamani kwanza, tovuti itahama kwa dakika. Ikishatulia, jazeni rekodi zote kwenye DNS ya kampuni mpya, mstari kwa mstari, kisha muombeni msajili abadilishe seva za majina.

Akaunti ya zamani iacheni hai wiki mbili. Mkiifunga, waambieni walifute jina lenu kabisa kwenye seva yao. Lisipofutwa, hoteli jirani iliyopo kwenye seva hiyo ikiwaandikia, seva itaona jina hilo ni lake na kuitupa barua kwenye kisanduku cha zamani, wala mwandishi hatapata taarifa kwamba haikufika.