Bustani ya kiangazi huandaliwa Mei

Masika yakianza kukatika hapa Mwanza, mwishoni mwa Mei, wengi tunapumzisha majembe. Mchicha umejaa, kunde zimetambaa hadi njiani, nani atawaza ukame? Nakuomba usipumzike. Wiki hizo mbili tatu za mwisho, udongo ukiwa bado umelowa mpaka chini, ndizo zinazoamua kama Agosti utachuma mboga uani au utazifuata sokoni kila siku.

Naishi Luchelele. Ziwa naliona nikifungua mlango, na bado kiangazi changu cha kwanza bustani ilikauka. Udongo wetu wa kichanga, luseni kama Wasukuma wanavyouita, umetokana na miamba hii hii tunayoishi nayo. Unalimika kirahisi ila maji hayakai. Nilikuwa namwagilia kila jioni, kidogo kidogo, nikiona juu pamekuwa peusi naridhika. Bibi jirani yangu alisimama kwenye uzio akanitazama, kisha akasema: "Mwanangu, hapo umeosha vumbi tu. Hebu chimba." Nikachimba kwa kidole. Kabla hata kidole hakijazama nusu, pakavu kabisa, mchanga unachuruzika kama sukari. Nikang'oa mche mmoja wa sukuma wiki: mizizi yote imejikunja juu juu, inafuata yale maji ya jioni.

Tangu siku hiyo nabadilisha matuta kabla mvua hazijaisha. Wakati wa masika tunayainua ili maji yasituame. Kiangazi kinataka kinyume chake, matuta mbonyeo. Langu lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, nalizamisha kama kiganja kimoja chini ya usawa wa njia, na udongo niliouondoa unakuwa kingo. Ndani nachanganya debe mbili za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza miche, usiwe na haraka nayo. Kisha naacha mvua za mwisho zijaze tuta lenyewe. Kama nyuma ya nyumba una mwamba, chimba kamfereji kadogo kutoka chini yake. Maji yanayoteremka kwenye jiwe ni mengi kuliko unavyodhani.

Matandazo ndiyo moyo wa kazi yote, na yawekwe udongo ukiwa umelowa. Ukifunika udongo mkavu umefunika ukame, na maji machache utakayomwaga yataishia kwenye nyasi. Mimi natumia nyasi kavu au majani ya mpunga, unene wa vidole vinne, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Katikati ya Julai huwa nafunua sehemu moja kuangalia: udongo mweusi, wa ubaridi, minyoo inajivuta kurudi gizani. Tuta la namna hiyo nalipatia ndoo mbili kubwa kila baada ya siku mbili, nikimwaga polepole kwenye shina, siyo juu ya majani. Zamani ndoo hizo hizo ziliisha kila jioni na mboga zikasinyaa. Angalia mchwa tu, kiangazi wanapenda sana nyasi kavu. Ukiona vijia vyao vya udongo, geuza matandazo na uyanyunyizie maji.

Watu huniuliza kuhusu gugu maji, maana liko bure ufukweni. Linafaa, lakini likate mizizi na ulianike juu ya mwamba mpaka livunjike mkononi, la sivyo unabeba maji tu. Na usiingie ziwani peku kulivuta. Konokono wanaoeneza kichocho hukaa humo kwenye magugu. Vaa buti na glavu. Hata maji unayochota ziwani, yachuje konokono wasiingie, uyaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla hujayatumia. Vimelea vya kichocho vilivyomo vitakuwa vimekufa. Hili naomba ulishike kwa ajili ya watoto, wao ndio tunaowatuma kumwagilia.

Punguza pia eneo. Nilikuwa na matuta tisa, sasa kiangazi nabaki na manne, na nakula zaidi. Moja sukuma wiki, moja chainizi na mchicha, moja bamia na nyanya chungu, la mwisho nyanya. Nyanya kiangazi haisumbuliwi sana na ukungu, adui wake ni kanitangaze, kiwavi mdogo anayejichimbia ndani ya majani. Pita kila asubuhi, jani lenye michirizi myeupe litoe, lifunge kwenye mfuko wa nailoni na uuache juani. Kwenye sukuma wiki wadudu mafuta hukaa chini ya jani, kwa hiyo pindua majani uone.

Matuta yale matano yaliyobaki nayavunia kunde kabla hazijakomaa. Majani machanga nayachemsha kidogo, nayaanika juu ya jiwe siku mbili tatu za jua, ndiyo nsansa. Viazi vitamu navyo navikata vipande na kuvianika, ndiyo michembe. Agosti, upepo ukivuma na mchicha ukiwa umechoka, naloweka nsansa, naiunga na karanga zilizotwangwa, na bibi jirani hupelekewa bakuli lake la kwanza.