Jibu: Hesabu za Uchumi kidato cha sita zinanigomea

Salama mdogo wangu. Umesema maelezo unayamudu, ila swali likija na jedwali la bei na mahitaji unakwama, na mtihani wa NECTA unakaribia.

Kwanza angalia daftari lako kwenye unyumbufu wa mahitaji (elasticity of demand), yaani mahitaji yanabadilika kiasi gani bei ikibadilika: unagawanya nini kwa nini? Wengi niliowafundisha tuisheni wanageuza, wanaweka asilimia ya bei juu ya mstari wa kugawa. Chukua sukari: bei imepanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,400 na mauzo yameshuka kutoka kilo 50 hadi 45. Mahitaji yamepungua asilimia 10, bei imepanda asilimia 20. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.5 (alama ya kutoa ipo, ila tunasoma ukubwa tu). Usiishie hapo! Andika maana yake: ni chini ya 1, wanunuzi hawakukimbia sana, na mapato ya muuzaji yamepanda kutoka 100,000 hadi 108,000. Sentensi hiyo ya tafsiri ndiyo watu wanaiacha.

Pato la taifa ni mpangilio tu. Kutoka pato la ndani (GDP, thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini), ongeza mapato halisi kutoka nje (yanayoingia toa yanayotoka), toa uchakavu wa mitambo na majengo, toa kodi zisizo za moja kwa moja, ongeza ruzuku.

Chora grafu kwa penseli na rula, na utaje kila mhimili. Mitihani ya nyuma ifanye kwa saa mezani, majibu yakiwa yamefunikwa.

Mada gani zitatoka mwaka huu mimi sijui, na anayekuuzia "mada za uhakika" naye hajui.