Hatua kali zipi?

Msomaji wa Tanga ameniletea ukurasa wa gazeti alioupigia mistari kwa kalamu nyekundu. Juu pana "upepo mkali", katikati "ulinzi mkali", chini "hatua kali za kisheria", na nyuma, kwenye michezo, "straika mkali". Anauliza: hili neno lina maana ngapi, na je, waandishi wanalitumia sawasawa?

Maana ni nyingi, na karibu zote ni halali. Mzizi wake ni wa Kibantu. Wazulu nao husema bukhali kwa kitu chenye makali. Kisu kikali hukata, mbwa mkali huuma, ndimu kali hukunja uso, tembo kali hulevya, na mwalimu mkali hachezewi. Kitu kikali ukikigusa, utakihisi. Hata straika mkali namkubali, maana mabeki wanamhisi. Vijana wakisema ngoma kali wamesifu, siwagombezi. Upepo mkali nao una haki yake: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Nahodha akisikia hivyo anajua kama atatweka tanga au atalala nyumbani. Neno limekuja na kipimo chake.

Linalonikera miaka yote ni hizo "hatua kali za kisheria". Zipi? Faini? Jela? Kunyang'anywa leseni? Kiongozi anatamka, mwandishi ananakili, mhariri anapitisha, na msomaji anafunga gazeti bila kujua sheria inasema nini. Nikiwa kwenye meza ya uhariri, kijana mmoja aliniletea habari ya watu wanaotupa taka mitaroni. Hatua kali zilitajwa mara tatu ndani ya aya tano. Nikamwambia, mwanangu, mpigie simu bwana afya, muulize sheria ndogo inasemaje. Dakika kumi hazikuisha akarudi: faini isiyozidi shilingi 50,000. Tukaiweka kwenye sentensi ya kwanza, "kali" zote tatu tukazifuta. Sasa mtu aliyesimama na ndoo ya taka kando ya mtaro alikuwa na hesabu ya kupiga.

Na pale sheria inapouma kwelikweli, neno hili huipunguzia uzito. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ni kifungo kisichopungua miaka 30. Andika miaka 30. Anayesoma atajihesabia mwenyewe mwanawe atakuwa na umri gani siku baba anatoka gerezani. "Adhabu kali" haimfikishi huko.

Kuna na nduguye, "vikali". Kila msemaji siku hizi "amekanusha vikali". Nilikaa mstari wa mbele nikamtazama mmoja akikanusha kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi, kidole kikifuata mistari. Kesho yake nikasoma kwamba alikanusha vikali. Hapo hatugombani tena juu ya mtindo, maana msomaji ameambiwa jambo ambalo halikutokea. Mtu akisema sivyo, amekanusha. Kama alipiga meza, andika alipiga meza. Kama aliinuka akatoka kabla ya maswali, hiyo ndiyo habari, na "vikali" imeifunika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kalamu yako nyekundu iuache upepo na imwache straika. Ulinzi mkali uache pia, ikiwa mwandishi ametaja askari wangapi na barabara ipi ilifungwa. Kama hakutaja, pigia mstari. Hatua kali za kisheria kata, tena kwa mistari miwili.